Bata wa Mama na Matope ya Bwawa

Mama yangu alikuwa mwanamke pekee katika kijiji chetu aliyefuga bata, na watu walimcheka kwa hilo mpaka wakachoka. Kwetu sisi Wakikuyu, zamani ndege hakuwa chakula cha mtu mzima. Hata kuku aliingia mezani polepole, akifuatana na shule na kanisa, na katika miaka ile ya tisini walikuwapo bado wazee wa rika la baba yangu ambao ukiwawekea paja la kuku walilitazama kana kwamba umewawekea mjusi. Sembuse bata. Bata alikuwa kitu cha Wazungu.

Na kweli mama aliwapata kwa Mzungu. Kabla ya uhuru alifanya kazi jikoni katika shamba lile lile ambalo baadaye tulilinunua kwa ushirika na kugawana. Mwenye shamba alipofunga mizigo kurudi kwao, mkewe alimwachia mama dume mmoja na majike wawili, kwa kuwa hakujua awapeleke wapi. Mama naye hakujua awafanye nini. Kuwala hakuweza, na kuwauza aliona vibaya, kwa sababu mtu akikuachia kitu akiwa analia, kitu hicho si chako kabisa. Basi akawafuga. Nilipooa, bata walikuwapo. Watoto wangu walipojifunza kutembea, walijifunza wakiwafuata bata.

Shamba letu liko upande wa tambarare, kaskazini ya mji wa Nyeri, mahali ambapo asubuhi ikiwa safi unauona Mlima Kenya mkono wa kulia na milima ya Nyandarua mkono wa kushoto, na upepo wa yote miwili unakupata katikati. Mvua huko ni haba kuliko kwa ndugu zetu walioko vilimani. Kilichotuokoa ni bwawa. Mzungu alilichimba kwa ajili ya ng'ombe wake, nasi tulipogawana mashamba tulikubaliana libaki la wote, tukachagua kamati ya kulitunza. Ng'ombe walikunywa huko, wanawake walichota maji ya kufulia, na bata wa mama walikuwa wakishuka kila asubuhi kwa mstari mmoja kama wanafunzi wanaokwenda gwaride, wakapotelea kwenye mafunjo pamoja na ndege wa porini.

Ndege wa porini walikuwa wengi. Walikuwapo bata wa kahawia wenye midomo ya njano, na mabata bukini wakubwa waliopiga kelele kama watu wanaogombania mpaka, na kukuziwa weusi wenye paji jeupe. Wengine walikuja na kiangazi kutoka nchi za mbali, wakaondoka mvua ndefu ikikaribia. Mimi nilikuwa mzee wa kanisa tayari, na mara nyingi nilitayarisha maneno ya Jumapili nikiwa nimeketi kwenye ukingo wa lile bwawa. Namshukuru Mungu kwamba nilipewa macho ya kuwaona wakiwa wengi vile.

Wawindaji walikuja kwa ajili yao. Serikali ilikuwa imekataza uwindaji wa wanyama tangu siku nyingi, lakini ndege walikuwa bado wanaruhusiwa kwa leseni. Basi kila msimu magari yalitoka Nairobi, yakiwa na mbwa wenye masikio marefu na bunduki za marisau, zile ambazo kila mlio humwaga punje nyingi ndogo za risasi, kama mtu anayetupa konzi ya mtama. Wazee wetu walikaa kwenye majani wakitazama.

"Mtu mzima na gari kubwa hivyo," mmoja aliwahi kusema, "anamkimbiza ndege!"

"Muache. Labda kwake mke amemnyima nyama."

"Na akimpata, atamgawia nani? Huyo ndege hatoshi hata mbwa wake."

Tuliwacheka lakini hatukuwachukia. Walikuwa na adabu, waliomba ruhusa kwa kamati, na mwaka mmoja walipoona tunasali chini ya paa linalovuja walituletea mabati. Tuliwaombea ibadani. Punje chache tu ziliwapata ndege; nyingine zote zilianguka majini. Hakuna aliyeuliza zilikwenda wapi. Kitu kikizama tunakihesabu kuwa kimekwisha.

Katikati ya miaka hiyo ya tisini ukame ulitushika. Mvua fupi haikufika, na kufikia mwanzo wa mwaka bwawa lilikuwa limerudi nyuma, likaacha mkanda mpana wa matope pande zote. Mafunjo yalisimama mahali pakavu. Bata, wa mama na wa porini, walikuwa wakizamisha vichwa katika maji mafupi na kuchakura matope siku nzima.

Asubuhi moja mama alituma niitwe. Nilikuwa mwanawe wa pili, na kwa desturi yetu nilipewa jina la babake, kwa hiyo maisha yake yote aliniita baba.

"Baba, njoo uone huyu."

Jike mmoja mweupe alikuwa amesimama kando ya ua. Mbawa zake zilikuwa zimelegea na kushuka kama paa la nyumba. Shingo ilikuwa imepinda, na alipojaribu kutembea alikanyaga miguu yake mwenyewe. Kinyesi chake kilikuwa kijani kibichi.

"Ni kideri, mama," nilimwambia. Kila aliyefuga kuku alijua kideri: mbawa kulegea, shingo kupinda, kinyesi cha kijani, kisha banda zima linabaki na manyoya tu.

"Kideri imetoka wapi kwa bata wangu? Hawa nimewafuga tangu uko na meno ya maziwa. Kideri imepita hapa mara ngapi, ikabeba kuku, ikawaacha wao?"

"Sasa ni nini?"

"Ni ile josho," alisema, akielekeza kidole juu ya kilima ambako ng'ombe walikuwa wakioshwa kupe. "Dawa inateremka na maji. Niliwaambia wanaume tangu zamani, lakini mwanamke akiongea juu ya maji mnadhani anataka bomba."

Yule jike alikufa. Akafuata mwingine. Kule bwawani ndege wa porini nao walianza kuonekana wameketi kwenye matope mchana kutwa, hawaruki hata mbwa akiwakaribia. Jambo baya zaidi ni kwamba katika majuma yale yale kideri cha kweli kiliingia kijijini na kuanza kumaliza kuku. Nyumba baada ya nyumba wanawake walikuwa wakifukia ndege wao. Watu waliwatazama kuku wanaokufa nyumbani na bata wanaokufa bwawani, wote wana mbawa zilizolegea na kinyesi cha kijani, na wakaona ni jambo moja. Mimi pia niliona hivyo.

Mwenyekiti wa kamati ya bwawa alikuwa rika langu. Tulitahiriwa pamoja, tukabatizwa pamoja, tukawa wazee wa kanisa katika mwaka mmoja. Alikuwa mtu mwema, mwepesi wa kucheka, na mkewe alikuwa amepoteza kuku wote isipokuwa jogoo mmoja mwenye jicho moja. Jumapili moja baada ya ibada alitukusanya nje ya kanisa.

"Ndugu zangu," alisema, "ugonjwa huu unaogelea. Unatoka kwa ndege wa porini, unaingia kwa bata wa mama yetu, na hao bata wanauleta nyumbani jioni kama mtoto anayeleta upele kutoka shule."

Watu wakacheka, lakini si sana.

"Bata wenyewe walikuwa dawa ya konokono, wakiwamaliza bustanini," mtu mmoja alisema. "Sasa wamekuwa posta."

"Basi tufanye nini?"

"Tuwaite wale wa bunduki. Wasafishe bwawa. Ndege wagonjwa wote wamalizwe, na wale wa nyumbani wachinjwe na mwenyewe. Tukibakisha hata mmoja tumefanya kazi bure."

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao karibu na mlango, miguu imekunjwa chini ya leso. Hakuwa amealikwa kwenye mkutano, lakini hakuna aliyethubutu kumwondoa. Alisimama.

"Wewe," alimwambia mwenyekiti, "nilikupa uji kwa mkono huu."

"Ni kweli, mama."

"Basi nisikilize kama mtu aliyekunywa uji wangu. Wale ndege si wangu. Waliachwa kwangu. Mimi sijazaa binti wa kukaa nami, watoto wako wamejaa mji, wangu wamejaa makazi yao. Asubuhi nikiamka, wanaoniita ni hao. Ukitaka kuchinja kitu, chinja ng'ombe wanaoogeshwa dawa."

Hapo alikosea hesabu kidogo, kwa maana dada yangu aliolewa Wamagana na mimi niliishi ua mmoja na mama. Lakini nilielewa alichosema. Baba alikuwa amekufa, na bata ndio waliobaki na haja naye asubuhi.

Mwenyekiti alikuna kichwa. Hakuwa mtu wa kumkanyaga mama wa mwenzake. Mwishoni walikubaliana hivi: bata wa mama wasichinjwe, bali wafungiwe ndani ya banda, wasiguse bwawa wala njia, mpaka ugonjwa upite. Kama kuku mmoja zaidi angekufa kwa sababu yao, kisu kingekuja.

Mama alikubali. Nilimjengea banda la mabanzi nyuma ya jikoni, na wote waliobaki wakaingizwa humo. Walilia siku mbili tatu kwa kukosa maji ya kuogelea, kisha wakazoea beseni. Wawili waliokuwa wamekwisha kulegea walikufa. Wengine, kwa mshangao wetu, walinawiri. Ndani ya banda lile lile mama alikuwa na kuku jike aliyekuwa akiatamia mayai ya bata, kwa maana bata wake walikuwa wazembe wa kuatamia. Kuku huyo alikaa mle mle na bata wagonjwa, akala nao, na hakupiga hata chafya.

"Kideri gani hii inayomwacha kuku?" mama aliniuliza.

Nilisema ni neema. Leo naona kwamba neema ilikuwa pia ndani ya lile swali, nami nililipita.

Wawindaji walikuja walivyoitwa, na safari hii walikuja wengi. Kijiji kilitoka kutazama. Walizunguka bwawa pande zote, wakapiga tangu jua kuchomoza mpaka saa za chakula. Ndege waliokuwa na nguvu waliruka, wakazunguka hewani, wakarudi, kwa sababu katika ukame ule hapakuwa na maji mengine ya kurudia. Wagonjwa hawakuruka hata kidogo. Mmoja wa wale wawindaji, mzee mwenye kofia ya turubai, alishusha bunduki yake akasema haoni fahari kumpiga ndege aliyeketi. Lakini tulikuwa tumewaomba, naye akaendelea. Kila mlio ulifuatiwa na sauti ndogo juu ya maji, kama manyunyu yanapoanza. Watoto waliipenda sauti ile. Wanawake walipiga makofi. Mwenyekiti alifunga kwa maombi, akamshukuru Mungu kwa kutupa wageni wenye msaada, na sisi sote tukasema amina kwa moyo mweupe.

Mama hakushuka. Alikaa karibu na banda, na kila bunduki ilipolia bata walikuwa wakijikunja pembeni, naye akizungumza nao kwa sauti ya chini.

Kuku wa kijiji waliacha kufa. Kideri hufanya hivyo. Huwamaliza wale wa kumalizwa, kisha huondoka. Lakini sisi tulisema bwawa limesafishwa. Siku moja mwenyekiti alikuja nyumbani kwetu akiwa amevaa koti lake la kanisani.

"Mama yetu," alisema, "nimekuja kuwatoa wafungwa."

"Umeleta hati ya korti?" mama akamuuliza.

"Nimeleta mdomo wangu tu. Ulikuwa na haki ya kuwatetea. Ona wamenona. Ugonjwa umeisha, Mungu ametuondolea. Wafungulie waende kwa maji yao."

Mama akacheka. Alimwambia afungue yeye mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyefunga. Rika langu akainama, akaondoa ubao wa mlango. Bata wakatoka wakipiga mbawa, wakajipanga mstari wao wa zamani, wakateremka. Mama alitembea nyuma yao mpaka ukingoni. Sijamwona mtu mzee akifurahi vile. Aliingia matopeni na viatu vyake vya kanisa.

Maji yalikuwa bado mafupi. Punje zote zilizomwagwa siku ile zilikuwa juu juu ya matope, hazijapata hata muda wa kudidimia.

Wa kwanza kulegea alikuwa dume mkubwa. Kisha majike, mmoja baada ya mwingine, mbawa kama paa, shingo kama utepe. Mama aliwarudisha bandani haraka, lakini safari hii banda halikusaidia. Alikuwa akiwalisha kwa mkono, akiwafungua midomo na kuwanywesha maji ya sukari. Walikuwa na njaa na hawakuweza kumeza. Walikonda wakiwa na chakula mbele yao.

Jioni moja, mmoja alipokata roho mapajani mwake, hakumfukia. Alimletea mke wangu jikoni.

"Mfungue," alisema. "Nataka kuona kilichomla."

Mke wangu alikuwa na mkono mzuri wa kusafisha ndege. Kwetu, firigisi ni fungu la mwenye nyumba, na kwa miaka mingi alikuwa akiniandalia: anaipasua upande, anamwaga changarawe, anabandua ile ngozi ya njano ya ndani. Akafanya hivyo hivyo. Ndani ya firigisi ya bata, kati ya vijiwe, kulikuwa na punje za kijivu, laini, nyingine zimesuguliwa mpaka zikawa bapa kama dengu. Na ile ngozi ya ndani, badala ya njano, ilikuwa imegeuka kijani.

"Haya mawe ni mazito," alisema mke wangu, akizipima kiganjani. Akaibonyeza moja kwa kisu, kisu kikaingia.

Mama alichukua punje moja akaigeuzageuza kwenye mwanga wa taa. Nami nilijua zilikotoka, kama mtu anavyojua habari ya msiba kabla mjumbe hajafungua mdomo.

Kesho yake nilikwenda Nyeri mjini pamoja na mwenyekiti, firigisi ikiwa ndani ya karatasi ya plastiki. Katika ofisi ya mifugo tulipokelewa na daktari mwanamke, kijana, mwenye sauti ya upole. Aliweka punje kwenye kisahani, akatuuliza bwawa letu likoje, na kama watu huwinda huko. Tulipomweleza, aliketi.

"Wazee wangu," alisema, "bata hana meno. Humeza vijiwe ili vimsagie chakula tumboni. Akiwa kwenye matope hawezi kutofautisha kijiwe na punje ya risasi. Akiimeza, firigisi inaisaga, tindikali ya tumbo inaiyeyusha, na ile risasi, ambayo ni madini yenye sumu, inaingia kwenye damu. Inaua mishipa ya fahamu. Ndiyo sababu shingo inalegea na chakula hakishuki."

"Kwa hiyo si kideri?" mwenyekiti aliuliza.

"Kuku wenu walikuwa na kideri. Bata hawa walikuwa na sumu. Kwa macho vinafanana sana, hata mimi ningesita. Haiambukizi. Bata hawezi kumpa kuku sumu hii."

"Na tulipowaita wapige zaidi..."

Daktari alitazama karatasi zake. Alikuwa amelelewa vizuri. Hakutaka kumwona mzee akijibiwa swali kama hilo.

"Msile nyama ya hao bata," alisema mwishowe. "Na wasirudi majini. Walio na dalili kidogo wanaweza kupona, msipokata tamaa."

Tulianza kurudi nyumbani. Tulipofika Ruring'u mwenyekiti alisimama kando ya barabara, akaegemea ukuta wa duka.

"Rika langu, ni mimi niliondoa ule ubao."

"Sote tulisema amina," nilimwambia.

"Amina ni jambo moja, na mkono ni lingine. Mama nitamwambia mimi."

Alimwambia. Alipiga magoti kwenye vumbi mbele ya jikoni, mwanaume mwenye wajukuu, akaeleza yote kama daktari alivyoeleza, bila kujitetea. Mama alikuwa akichambua maharagwe. Aliendelea kuchambua mpaka mwenyekiti alipomaliza.

"Inuka," alisema. "Na mimi nimeisingizia josho. Kila mtu alikuwa na mchawi wake."

Kisha akamwambia mke wangu ampe chai, na akaenda bandani. Hakutoka mpaka jua lilipozama.

Mwenyekiti hakuweza kutulia. Aliita ngwatio, ile kazi ya pamoja ambayo kwetu watu hulimiana mashamba kwa zamu. Tulishuka bwawani na majembe na nyavu za kuchekechea mchanga wa kujengea, tukaanza kuchota matope ya ukingoni na kuyachuja. Punje zilipatikana. Kila karai lilikuwa na zake. Tulijaza mkebe wa mafuta ya kupikia, ukawa mzito hata mtoto hakuweza kuuinua, na kipande tulichochuja hakikuzidi upana wa uwanja wa nyumba. Tulipoinua macho, bwawa lilikuwa bado linatuzunguka pande zote.

Mama alikuja kutazama, fimbo mkononi.

"Mnachuja nini, chai?"

"Tunajaribu, mama," mwenyekiti akasema, matope yamemfika kiunoni.

"Naona. Mungu awabariki. Lakini miaka hiyo yote ya milio, mtaichuja na wavu mmoja?"

Tuliendelea siku kadhaa, zaidi kwa heshima kuliko kwa matumaini. Tulimpelekea neno mkubwa wa wale wawindaji pia. Alikuja, akasikiliza kwa masikitiko ya kweli. Alisema katika nchi za nje watu wameanza kutumia punje za chuma badala ya risasi wanapowinda juu ya maji, lakini huku hakujua pa kuzipata. Akaahidi hawatapiga tena kwetu, na alitimiza. Nilisikia walihamia mabwawa mengine, kwa watu wengine. Hilo nalo linanisumbua, kwa maana sisi tulikuwa tumejua, na hatukutembea kwenda kuwaambia hao wengine. Tulidhani msiba wetu ulikuwa wetu peke yetu.

Kisha mvua ndefu ikaja, ikafunika matope, na kazi yetu ikaisha yenyewe.

Wakati huo mama alikuwa amebakiwa na bata wawili: jike mchanga na dume ambaye shingo yake haikunyooka tena sawasawa, akawa anatazama dunia kwa upande. Walikuwa wamepona. Lakini kila asubuhi walisimama kwenye mlango wa banda wakililia maji waliyoyasikia na kuyaona, na mama hakuweza kuwafungulia. Siku moja alimwita dada yangu kutoka Wamagana, ambako hakuna bwawa, ni kijito tu kinachopita kwenye mawe chini ya mashamba ya chai.

"Wachukue," alimwambia.

"Mama, utabaki na nani?"

"Nitabaki na huyu," akasema, akinionyesha mimi kwa fimbo, "ingawa hatagi."

Dada alicheka huku analia. Mama aliwaingiza ndege kwenye tenga kwa mikono yake, akafunika kwa gunia, akamwagiza: wasinyimwe mboga za majani, dume asipandishwe mahali pa juu kwa sababu huanguka, na kamwe wasipelekwe kwenye maji yaliyosimama. Gari lilipoondoka aligeuka akaingia ndani kabla halijapinda kona.

Nilifikiri sasa atapumzika. Bwawa lilijaa, mafunjo yakachipuka, na ndege wa porini wakarudi kwa wingi kuliko nilivyotarajia. Jioni walishuka kwa makundi, wakikata maji kwa miguu. Kanisani watu walishukuru, wakasema Mungu amerudisha uzuri wa bwawa letu. Nami nilishukuru, kwa sababu shukrani ni wajibu hata pale usipoelewa. Lakini nilijua walichokuwa wakishukia.

Mama alijua pia. Asubuhi moja nilisikia makofi kutoka upande wa bwawa. Nilishuka mbio nikidhani ameanguka. Nilimkuta kwenye ukingo, leso kichwani, umande umemlowesha mpaka magotini, akipiga makofi na kuinua fimbo.

"Tokeni!" alikuwa akiwaambia bata. "Tokeni hapa! Nendeni zenu!"

Waliruka, wengi, mbawa zikapiga maji, wakazunguka juu yetu mara moja. Kisha wakatua upande wa pili, wakaanza kuzamisha vichwa.

"Mama, hawatakusikia."

"Nimeona," alisema. "Wewe zunguka kule, baba. Ukipiga makofi kule nami nikapiga hapa, labda watachoka."

Nilivua viatu, nikakunja suruali, nikazunguka. Tulifanya hivyo asubuhi nyingi, hadi miguu yake ilipokataa kuteremka kilima.